Mbwa wa Nyumbani na Mtoto Mwenye Mahitaji Maalum



Leo tutazungumza juu ya mbwa. Tunajua wengine mtacheka. Mtasema, "Mbwa tunamjua. Analinda zizi, anabweka usiku, anakula mayai ya kuku. Tujifunze nini tena juu yake?" Subirini kidogo.

Mbwa yupo katika nyumba nyingi za Mbulu na Hanang. Wafugaji wa Kibarbaig wa Bassotu na Balangdalalu huenda naye malishoni. Wahadzabe wa Yaeda Chini huwinda naye. Sisi wengine tunamweka ili fisi asiingie zizini.

Wapo pia watoto wenye mahitaji maalum. Maana yake ni watoto ambao wanahitaji msaada zaidi ya wenzao ili wakue, wajifunze na waishi vizuri. Yupo asiyeona. Yupo asiyesikia. Yupo mwenye mtindio wa ubongo, ambaye viungo vyake vimekakamaa. Yupo mwenye usonji, ambaye anajitenga na watu, na pengine hasemi kabisa. Yupo mwenye kifafa, na yupo ambaye akili yake inakwenda polepole. Baadhi yao mnawaona njiani. Baadhi hamwaoni, kwa sababu wamefichwa ndani.

Je, mbwa anaweza kumsaidia mtoto kama huyo? Jibu ni ndiyo, lakini kwa masharti. Masharti hayo tutakaa nayo sana leo, kwa sababu sisi wenyewe tuliwahi kuyasahau.

MTOTO WA NYUMA YA NYUMBA

Miaka michache iliyopita tulikuwa tunazungukia madarasa ya kisomo katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Mbulu. Mama mmoja, mwanakisomo hodari, hakuonekana darasani kwa wiki mbili. Tukaenda kwake kumjulia hali. Tulikuta ana udhuru, mkwe wake alikuwa anaumwa. Tulipokuwa tunaaga tukasikia sauti nyuma ya nyumba. Tukazunguka kuona.

Kumbe kuna mtoto wa kiume, umri wake kama miaka 9, ameketi juu ya ngozi ya ng'ombe anaota jua. Mkono wake wa kulia umekunjamana kifuani, vidole vimefumba ngumi. Hasemi. Huyo ni mjukuu wa yule mama. Nyumba ile tulikwisha fika mara nne, wala hatukujua kama mtoto huyo yupo!

Pembeni yake alikuwa amelala mbwa mwekundu, jike, mzee kidogo, sikio moja limechanika. Mtoto alikuwa anamkuna mbwa sikioni. Anamkuna kwa mkono upi? Kwa ule ule uliokunjamana.

Bibi yake akatuambia, "Mkono huo ukiugusa wewe, analia. Hospitali walituonyesha namna ya kuunyoosha kila siku, lakini hakubali. Kwa mbwa anaunyoosha mwenyewe."

Tukatazama. Ni kweli. Vidole vilifunguka kimoja kimoja, vikaingia katika manyoya. Kisha mkono mzima ukateremka hadi shingoni mwa mbwa.

Mtoto mwenye mtindio wa ubongo misuli yake hukaza. Isiponyooshwa taratibu kila siku, viungo hukauka vikabaki vimepinda. Zoezi linaumiza, na mtoto haoni faida yake. Lakini kumkuna mbwa si zoezi kwake. Ni raha yake. Bibi yule aliligundua jambo hili kwa macho yake tu, akiwa amekaa jikoni kwake anachambua maharage.

MTAALAMU ALIYECHEKWA

Wenye vyuo nao walilifikia jambo hilo, tena kwa bahati. Huko New York, Marekani, alikuwepo mtaalamu wa matatizo ya nafsi za watoto, jina lake Boris Levinson. Alikuwa na mbwa aliyeitwa Jingles. Siku moja mtoto mmoja ambaye hakutaka kuzungumza na watu aliletwa na wazazi wake mapema, kabla ya saa yake. Mbwa alikuwa bado chumbani. Jingles akamkimbilia mtoto, akamramba. Mtoto naye akaanza kumshika na kucheza naye. Siku zilizofuata mtoto akawa anazungumza na mbwa, halafu polepole akazungumza na mtaalamu mwenyewe.

Levinson aliandika habari hizo mwaka 1962, na mwaka 1969 akatoa kitabu. Inasimuliwa kwamba alipowaeleza wenzake mara ya kwanza, wengine walimcheka. Eti wakamwuliza, katika malipo yake mbwa anapata fungu gani! Leo hawacheki. Katika nchi nyingi mbwa wapole huingizwa katika hospitali na shule kuwaona watoto. Hao tuwaite mbwa wa kuliwaza.

Msiwachanganye na mbwa wasaidizi. Mbwa msaidizi hufundishwa muda mrefu kumsaidia mtu mmoja tu, kwa mfano kumwongoza asiyeona avuke barabara. Shule ya kwanza kubwa ya mbwa hao ilifunguliwa Ujerumani mwaka 1916, kwa ajili ya askari waliopofuka vitani. Mbwa kama huyo ana gharama kubwa sana. Katika somo hili hatumzungumzii yeye. Tunamzungumzia mbwa mpole wa kawaida, ambaye kazi yake ni kukaa karibu na mtoto.

Kwa nini kukaa tu kunasaidia? Fikirini wenyewe. Mbwa hamwulizi mtoto kwa nini hasemi. Hamcheki mate yakimtoka. Hana haraka. Akiitwa leo anakuja, na kesho anakuja vile vile. Mtoto anayeogopa watu anapata mahali pa kuanzia. Tena kumpapasa mnyama mpole taratibu hutuliza moyo, mapigo yanapungua kasi. Jambo hilo limepimwa.

Kuna habari moja tunaipenda kuliko zote, kwa kuwa inatuhusu sisi watu wa kisomo. Mwaka 1999, katika mji wa Salt Lake City huko Marekani, kikundi kiitwacho Intermountain Therapy Animals kilianza kuwapeleka mbwa maktaba. Watoto wazito wa kusoma waliambiwa wamsomee mbwa kitabu kwa sauti. Basi! Mbwa analala, mtoto anasoma. Akikosea neno, mbwa hasemi kitu. Mtoto anarudia mwenyewe.

Ninyi mnalielewa jambo hili kuliko sisi walimu. Mnakumbuka siku ya kwanza kusimama mbele ya ubao, wajukuu wanachungulia dirishani? Mzee mmoja wa Endasak alituambia kwamba alijifunza kusoma kwa sauti akiwa malishoni, anawasomea ng'ombe. Alisema, "Wao hawanikatizi." Tulicheka pamoja naye. Lakini alifaulu mtihani wake.

Mbwa hupelekwa pia kwa watoto waliopatwa na msiba. Desemba 2012, katika mji wa Newtown, Marekani, watoto 20 na watu wazima 6 waliuawa kwa risasi katika shule ya msingi. Mbwa wa kuliwaza wa shirika la Kilutheri walipelekwa kukaa na watoto waliobaki. Tulipolisoma hilo tuliikumbuka Hanang. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe kutoka Mlima Hanang yaliingia Katesh, Gendabi na Jorodom, na watu zaidi ya 80 wakafa. Mtoto aliyeliona tope lile anaweza kushtuka mvua ikianza, hata leo. Mtoto huyo naye ana mahitaji maalum, ijapokuwa miguu yake ni mizima. Kama anatulia akiwa na mbwa wake, msimfukuze mbwa.

SASA MASHARTI

Turudi kwa yule mtoto wa nyuma ya nyumba. Siku ile tulifurahi sana. Tulimsifu bibi, tukamsifu na mbwa. Tuliandika katika daftari letu. Tulimwuliza bibi juu ya shule, juu ya hospitali, juu ya chakula. Jambo moja hatukuuliza. Hatukuuliza kama mbwa amechanjwa.

Miezi kama mitano baadaye mbwa mgeni alipita kijijini anatokwa na mate, akauma ndama na mbwa wawili. Watu wakaingiwa na hofu, na hofu yao ilikuwa ya haki. Ikatolewa amri kwamba mbwa yeyote asiye na cheti cha chanjo auawe. Baba wa mtoto alikuwa hana cheti. Siku wachanjaji walipokuja, yeye alikuwa mbali na mifugo, na nyumbani hakuna aliyempeleka mbwa. Yule mbwa mwekundu hakuumwa na mbwa mgonjwa. Hata hivyo aliuawa na wenzake.

Tulipofika tena, mtoto alikuwa pale pale juu ya ngozi. Mkono umerudi kifuani. Bibi hakutulaumu. Sisi wenyewe tulijilaumu, kwa kuwa neno moja tu la siku ile lingetosha.

Kwa hiyo sharti la kwanza ni chanjo ya kichaa cha mbwa. Mbwa huchanjwa akifika umri wa miezi mitatu, kisha hurudiwa kila mwaka. Mwulizeni bwana mifugo siku ya chanjo kijijini kwenu, na cheti mkitunze kama mnavyotunza kadi ya kliniki ya mtoto. Kama mwenye nyumba yuko malishoni, mama ampeleke mbwa, au kijana mkubwa. Mbwa wa kijiji kizima wachanjwe. Wakichanjwa mbwa 70 katika kila 100, ugonjwa unakosa njia ya kuenea. Katika vijiji vinavyozunguka Serengeti mbwa walianza kuchanjwa kwa wingi miaka ya 1990, na idadi ya watu wanaoumwa na mbwa wenye kichaa ikapungua. Kuua mbwa peke yake hakumalizi ugonjwa. Ukiua wako, wa jirani anakuja kushika nafasi.

Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa mtu hakina dawa. Mtu hufa. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika kila watu 10 wanaoumwa na wanyama wanaodhaniwa kuwa na kichaa, wanne ni watoto wa chini ya miaka 15. Basi mtoto akiumwa, au akiparuzwa, osheni jeraha papo hapo kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, kwa dakika 15. Ni muda mrefu, msikate mapema. Msipake pilipili, wala maji ya betri, wala majani. Kisha mpelekeni hospitali siku ile ile akapate sindano za kinga. Msingoje kuona kama mbwa atakufa.

Hapa tunawaomba wazazi wa watoto wasiosema wasome mara mbili. Mtoto wa kawaida akiumwa na mbwa atapiga kelele, atasema. Mtoto asiyesema anaweza kuumwa asubuhi, na jioni hakuna ajuaye. Mtazameni mwili kila jioni mnapomwogesha: mikono, miguu, uso, nyuma ya masikio.

Sharti la pili ni usafi wa mbwa mwenyewe. Apewe dawa ya minyoo, kwa maana minyoo ya mbwa humwingia mtoto anayetambaa na kutia mkono kinywani. Mkichinja mbuzi au kondoo, mkikuta maini au mapafu yana vifuko vya maji, msimtupie mbwa. Vifuko hivyo ni vya tegu. Mbwa akivila hupata tegu, na mayai ya tegu humrudia mtoto katika manyoya na kuota vifuko kama hivyo ndani ya mwili wake. Vichomeni au vifukieni shimo refu. Viroboto navyo viondolewe. Sisi wa Mbulu hatuhitaji kukumbushwa habari ya viroboto. Mwaka 2007 tauni ilizuka katika wilaya yetu, na tauni huenezwa na viroboto vya panya. Mbwa anayezurura maporini anaweza kuvileta hadi kitandani. Kwa hiyo mbwa asilale na mtoto, na mtoto anawe mikono kwa sabuni kila baada ya kumshika.

Sharti la tatu ni tabia ya mbwa. Hapa lazima tuseme ukweli ambao wengine hawataupenda. Wengi wetu tunawafuga mbwa kwa njaa na fimbo, eti wawe wakali. Mbwa wa namna hiyo hafai kuwa karibu na mtoto yeyote. Anayeishi kwa kupigwa, siku moja mtoto atamwangukia bahati mbaya, naye atauma. Kama mnataka mkali wa zizi, wekeni mkali wa zizi. Wa mtoto awe mwingine, mtu mzima wa mbwa, mpole, anayekula vizuri, mliyemjua tabia yake kwa mwaka au zaidi.

KUANZA

Mara ya kwanza mtu mzima akae katikati, mbwa upande mmoja na mtoto upande mwingine. Mbwa asifungwe, aweze kuondoka akichoka. Mtoto anyooshe mkono, mbwa anuse. Kisha ampapase ubavuni au kifuani. Asianze kichwani, maana mbwa wengi hawapendi mkono unaotoka juu. Dakika 10 zinatosha.

Mtazameni mbwa. Akikaza mwili, akibana mkia katikati ya miguu, akilaza masikio nyuma, akipiga miayo tena na tena hali hana usingizi, anasema, "Nimechoka." Akionyesha meno amekwisha sema mara ya mwisho. Asiguswe akila, akilala, au akiwa na watoto wake. Na mtoto mdogo, au asiyeelewa, asiachwe peke yake na mbwa hata kwa dakika moja, hata kama ni mbwa wa miaka kumi nyumbani.

Wakizoeana, mpeni mtoto kazi. Kazi ndogo ya kila siku ni dawa kubwa. Amwekee mbwa maji asubuhi. Amchane manyoya kwa gunzi la mahindi, vidole vitafunguka. Amtupie mpira wa matambara, bega litafanya kazi. Amwite "njoo", "kaa", "twende". Mtoto mwenye usonji anaweza kumwamuru mbwa kabla hajaweza kumsalimu mtu. Na watoto wa jirani wakija kucheza na mbwa, watajikuta wamecheza na mwenzao.

Mtoto anayeogopa mbwa asilazimishwe. Wako pia ndugu zetu Waislamu ambao mate ya mbwa ni najisi kwao, nao wana haki yao. Somo hili halihitaji mbwa tu. Huko Uingereza, Bibi Elisabeth Svendsen alianzisha mwaka 1969 makao ya kutunza punda, na katika miaka ile ya 1970 akaanza kuwapandisha watoto walemavu juu ya punda wapole. Kukaa juu ya punda anayetembea hufundisha mgongo na kiuno kujishika. Punda tunao! Wanabeba maji na mahindi kila siku Dongobesh na Katesh. Punda mpole asiye na vidonda mgongoni, mtu mmoja ashike kamba na wawili washike mtoto huku na huku, anatosha. Ndama au mbuzi naye anafaa kupapaswa.

Na kama mtu atasema kwamba wanyama wa Kiafrika hawafundishiki, mwambieni aende Morogoro. Katika Chuo Kikuu cha Sokoine shirika la APOPO linawafundisha panya buku kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini na kutambua makohozi yenye kifua kikuu. Panya! Sembuse mbwa.

Lakini mbwa si daktari. Hawezi kuuondoa usonji wala mtindio wa ubongo. Mtoto wa kifafa aendelee na vidonge vyake kila siku bila kukosa, na akae mbali na moto wa mafiga. Huko ng'ambo wako mbwa waliofundishwa kubweka mtoto akianguka. Kama mbwa anaweza kujua kabla hajaanguka, wataalamu bado wanabishana. Mwenye viungo vilivyokaza apelekwe kwa watu wa mazoezi ya viungo katika hospitali kubwa, kama ile ya Kilutheri ya Haydom, iliyofunguliwa mwaka 1955. Na shule ni haki yake. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9 ya mwaka 2010, inakataza kumnyima mtoto nafasi ya shule kwa sababu ya ulemavu wake. Wako walimu waliosomea kazi hiyo katika Chuo cha Ualimu Patandi, Arusha. Nendeni kwa mwalimu mkuu mkaulize. Akisita, nendeni kwa afisa elimu kata.

Yule mtoto wa nyuma ya nyumba sasa ana mbwa mwingine, mweusi mwenye kifua cheupe. Bibi alimpeleka mwenyewe kuchanjwa, amembeba ndani ya kikapu. Cheti kimekunjwa ndani ya daftari lake la kisomo. Mtoto alimkataa mbwa huyo kwa muda mrefu, alikuwa anamsukuma kwa mguu. Tulipopita mara ya mwisho alikuwa amemwachia akae kwenye pembe ya ngozi, mbali kidogo.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

Kijijini kwenu mbwa walichanjwa lini mara ya mwisho, na nani hakumpeleka wake? Kwa nini?

Mtoto asiyesema akiumwa na mbwa, ni nani nyumbani kwenu atakayeliona jeraha?

Je, mnamjua mtoto ambaye hajawahi kuonekana njiani? Ni nani kati yenu anayeweza kwenda kumsalimu nyumbani kwao wiki hii?